Wageni Waliokuja Kubonyeza Chuma cha Bibi Ester

Wekeni simu mfukoni kwanza, wanangu, maana haya ninayotaka kuwaambia hayamo humo ndani. Nimestaafu, ni kweli, na sare zangu zimeshakuwa matambara ya kudekia, lakini masikio hayajastaafu. Juzi nilikuwa sokoni Tunduma nachagua nyanya, nikamsikia nesi mmoja kijana akimwambia mwenzake kwamba wodi ya mifupa ni ya kupumzikia, mgonjwa akishawekewa chuma unampa dawa zake unasubiri siku ya kutoa nyuzi. Nilibaki nimeshika nyanya mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au naikanda. Ya kupumzikia! Nikasema hapana, hawa watoto nisipowaeleza habari ya Bibi Ester nitakufa nayo moyoni.

Miaka yangu mingi ya kazi imeishia kwa wazee waliovunjika nyonga. Hawa hawaanguki kutoka juu ya mti. Mzee anajikwaa kwenye mkeka, anateleza kizingitini akienda chooni, basi, mfupa umekwenda. Daktari anafungua, anaweka chuma, anashona, na ndugu wanashukuru Mungu kana kwamba kazi imekwisha, kumbe kwetu sisi wa wodini ndiyo inaanza. Usaha ukishaingia kwenye chuma hautoki kwa kubembelezwa. Unamrudisha mzee kwenye kisu, na mwili wa mzee hauna akiba. Wengine wakirudi mara ya pili hawainuki tena. Nimewafunika shuka watu ambao mifupa yao iliungwa vizuri kabisa. Hasira ya jambo hilo bado ninayo hadi leo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa sista mkuu wa wodi, mama mmoja wa Kinyiha, mfupi, mwenye viatu visivyotoa sauti. Unakohoa karibu na kidonda, kumbe yuko mgongoni kwako. Siku zangu za mwanzo alinipaka mikono masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia, akanifunga macho kwa leso, akaniambia ninawe hadi niridhike. Nikanawa kwa madaha, si nimetoka chuoni na alama nzuri? Aliponifungua leso viganja vilikuwa vinang'aa, lakini vidole gumba vyeusi ti, na katikati ya vidole ni kama sikugusa maji. Wodi nzima ikacheka, hata wagonjwa waliotoka kushonwa, huku wameshika mishono yao. Akaniambia penye masizi ndipo wadudu wanapopandia gari. Tangu hapo kidole gumba nakiosha peke yake. Jaribuni leo mkifika nyumbani, msicheke tu.

Mambo yamebadilika sana, siwezi kukataa. Tulikuwa na beseni moja la dawa pale mlangoni, kila anayeingia anachovya mikono, daktari, nesi, mfagizi, na ikifika jioni maji yamekuwa rangi ya chai na bado tunachovya kwa moyo mmoja. Leo mna chupa ya spiriti kila kitanda, na naona watu wanaipita kama wanavyolipita sanduku la sadaka. Zamani mgonjwa alinyolewa kwa wembe. Ndugu wengine walimnyoa kabisa huko nyumbani wakamleta anang'aa, amejaa mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mlango wa mdudu. Sasa wembe hautakiwi, nywele zikisumbua zinapunguzwa kwa mashine. Dawa ya kuzuia usaha, ambayo tulikuwa tunampa mtu akisharudi kitandani, siku hizi inaingia mwilini kabla kisu hakijagusa ngozi. Mpira wa mkojo unatolewa mapema, mzee anakalishwa mapema, anakula mayai na maharage, sukari yake inaangaliwa. Hayo mnayajua, mmeyafanyia mitihani. La Bibi Ester halikuwa kwenye mtihani wangu.

Bibi Ester aliletwa kutoka Mbebe kwa pikapu, amelazwa juu ya godoro katikati ya magunia, wakati wa masika. Alikuwa ameteleza mlangoni kwa jiko ameshika bakuli la mboga. Aliyekuja naye ni mkamwana wake, Lusia, mjane wa mwanawe wa mwisho, mwanamke mkimya ambaye ukimsalimia anaitika akitazama chini. Watoto wake wadogo aliwaacha kwa jirani. Wawili hao walikuwa wakiishi nyumba moja, na Bibi Ester alikuwa hali kitu mpaka Lusia akionje kwanza chumvi.

Upasuaji ulikwenda salama. Mimi wakati huo ndiye niliyekuwa mkuu wa wodi, kustaafu kunanukia. Kidonda kilikuwa kikavu, mgonjwa mchangamfu. Alimuuliza daktari kama hicho chuma kitashika kutu akinyeshewa shambani, daktari akashindwa kujizuia kucheka. Nikajua huyu nitamruhusu mapema.

Kisha wakaanza kuja wageni. Nanyi mnajua watu wetu hawaendi kumwona mgonjwa kwa mafungu madogo. Walikuja wa Mbebe, wakaja wa Ibaba waliotembea kwenye tope mpaka barabarani, na kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, akaja mzaliwa wake wa kwanza, Yustina, mwuza vitenge, mwenye sauti inayofika kabla yake. Yeye mama yake alimwita mayo, yaani mama, kama wasemavyo huko Nakonde. Kila muda wa kuona wagonjwa ulipofika, wanawake wawili walishika kitenge wakakizungusha kitandani, na wageni wakaingia nyuma yake mmojammoja. Nilikuwa nasikia sauti za chini, nasikia amina. Nikafikiri wanamwombea. Nilifurahi hata, nikawaambia wauguzi wangu tazameni familia yenye heshima, inavyomsitiri mama yao.

Siku moja asubuhi Bibi Ester alikataa uji. Akamwita Lusia kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa zamani, akamwambia afukuze kuku. Hapo shikeni vizuri, wanangu: mzee mwenye usaha si lazima aungue homa kama ninyi. Anaweza akaanza kwa kukataa uji, au kwa kuongea na watu wasiokuwepo, na mjinga atasema ni uzee tu. Nilifungua kidonda. Kingo zimevimba, zimekuwa nyekundu, na ile harufu ninayoijua ikanipiga usoni.

Nilivuruga wodi siku ile. Niligombana na anayechemsha vyombo, nikagombana na wa kufua mashuka, nikawasimamisha wauguzi wote nikawakagua kucha kama watoto wa shule, binti mmoja akalia. Kila mmoja aliapa amefanya kama inavyotakiwa, na nilivyowatazama niliona hawadanganyi. Daktari akasema kesho anarudi chumba cha upasuaji kuoshwa, na kama usaha umeshashika kwenye chuma, huenda chuma kikatolewa. Mchana, kwa dawa tulizomwanzishia, akili ya bibi ilimrudia.

Saa ya wageni kwa kawaida mimi huwa ofisini. Siku ile nilikuwa nimesahau miwani yangu kwenye meza ya kitanda cha jirani yake. Nikaenda kuichukua, kitenge kimeshazungushwa kama kawaida, nikaona nipite hapohapo katikati, nikakivuta.

Wanangu, mpaka leo nikilieleza hili mwili unanisisimka. Bibi Ester alikuwa amelala kwa ubavu mzima. Plasta imebanduliwa upande mmoja, na aliyeishika ncha yake ili isijirudie ni yeye mwenyewe, kwa vidole vyake. Pamba ya kidonda imewekwa juu ya leso safi iliyopigwa pasi. Mzee mmoja wa Ibaba, buti zina tope, alikuwa amebonyeza kidole gumba kandokando ya nyuzi, amefumba macho, anasikiliza.

"Ehee, kipo," akasema. "Ni chuma kweli."

Nyuma yake kulikuwa na mama anasubiri zamu, anapulizia viganja vyake pumzi ili asimguse mgonjwa kwa mikono ya baridi. Kwa adabu kabisa! Nilijiuliza ni wangapi wamepita hapo tangu aletwe, vidole gumba vingapi, kutoka kwenye magari gani, mashamba gani, noti gani za Tunduma. Mimi niliyekuwa nakagua kucha za wauguzi.

Hasira yangu ilimwangukia Lusia. Alikuwa amesimama ukutani, mbali na kitanda, kichwa chini. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, kwamba yeye ndiye mwuguzaji, kwamba anamuua mama wa watu huku anatazama. Hakujitetea. Nikaona mabega yake tu yanashuka.

"Mwache," Bibi Ester akasema. "Plasta naifungua mimi."

Niliwatoa nje wote, na Lusia pia. Nikanawa, nikakifunika kidonda upya, nikavuta kiti. Hapo ndipo bibi aliponieleza, taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwake. Tangu mwanawe alipofariki, watu walikuwa wakinong'ona kwamba Lusia ndiye aliyemla kwa uchawi. Sasa mama mkwe naye ameanguka mlangoni, kwenye sakafu iliyo sawa, mfupa umekatika. Wakaanza kuuliza, mtu anaangukaje pale aliposimama mfupa ukavunjika, kama hakuna mkono wa mtu? Huko Nakonde kukazuka kwamba daktari alipopasua alitoa manyoya na sindano mguuni. Na maneno hayo, bibi aliniambia bila kunificha, yalikuwa yanaanzia kinywani mwa Yustina, binti yake wa kumzaa.

Kwa hiyo kila mgeni aliyekuja kumjulia hali, bibi alimwonesha. Tazama nyuzi, hawakutoa kitu. Bonyeza hapa, utakisikia chuma, ni mfupa tu uliovunjika. Alitaka kila mmoja arudi kwake akiwa shahidi. Wakishabonyeza walisema amina, na ile amina ndiyo niliyokuwa naifurahia mimi nikiwa ofisini. Lusia alimsihi aache, mara nyingi, akamwambia kwamba sista amekataza. Bibi akamkatalia.

Nilimwambia kila kitu kwa uwazi. Nilimwambia vile vidole ndivyo vilivyoleta usaha, kwamba chuma kinaweza kutolewa, kwamba kwa umri wake anaweza asirudi Mbebe. Nilidhani atashtuka. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Dawa ya kidonda unayo, mwanangu," akasema. "Ya mtu aliyeitwa mchawi unayo?"

Sikuwa nayo. Nilitazama mikono yangu niliyoisugua maisha yangu yote. Mtu amefungua mguu wake mwenyewe, akijua tumemkataza, ili mjane na watoto wake wasifukuzwe nyumbani. Nimeona mengi wodini, wanangu, nimeona watu wakiuza mashamba kwa ajili ya mama, nimeona watoto wakimkimbia baba, lakini hilo sikuwahi kuliona. Kisha nikasema lililonijia, wala sikulipanga.

"Na ukifa kwa usaha huu, bibi, watamtaja nani?"

Aligeuza uso, na baadaye kidogo nikaona mkono wake unapapasa plasta kwa juu, unaikandamiza kingo zote ishike vizuri. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi pia.

Asubuhi, kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, nilimwomba ruhusa, akakubali, nikawaita ndugu wote waliokuwa wamelala mjini kwa ajili yake. Daktari alizibandika picha zake za eksirei kwenye kioo cha dirisha, jua likapita, ya kabla na ya baada. Akawaonesha mfupa ulivyokuwa mwepesi. Akasema mwanamke akishapita umri wa kuzaa mifupa yake inaanza kupungua ndani kwa ndani, kwa nje anaonekana yuleyule, mpaka inakuwa kama gunzi lililoliwa na wadudu, unaligusa tu linakatika. Huenda hata hakuanguka ndipo ukavunjika, akasema. Huenda mfupa ulianza kuvunjika ndipo akaanguka. Akawaonesha chuma kilipo, na skrubu zake. Hakukuwa na manyoya wala sindano, na wote walitazama kwa muda mrefu, wakisogea karibu zaidi.

Mwishowe Yustina akauliza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo, "Kwa hiyo hata mimi humu ndani naelekea huko?" Daktari akamwambia ndiyo, umri ukienda, mama, na akamwambia mambo ya kula na kutembea. Nikaona mkono wa Yustina umekwenda kwenye nyonga yake mwenyewe, ukabaki hapo.

Nikatoa masharti yangu. Kidonda hakiguswi na yeyote ila muuguzi. Wageni wachache kwa zamu, na mikono inapita kwenye spiriti mlangoni. Na wa kumgeuza, kumlisha na kumwosha uso awe mtu mmoja tu, yule yule, nitakayemfundisha mimi mwenyewe kunawa. Nikamwambia bibi achague. Yustina alishasogea mbele, kitenge amekikaza kiunoni, maana yeye ndiye mzaliwa wa kwanza na ilikuwa haki yake.

"Lusia," bibi akasema.

Kila mtu alisikia. Yustina alitoka akasimama barazani, ametugeuzia mgongo, na sisi tukamsukuma mama kwenda kuoshwa.

Chuma hakikutolewa. Daktari alisema usaha ulikuwa bado juu juu, tumeuwahi, lakini siku zilizofuata sikulala vizuri. Kila nilipofika wodini niliuliza uji kwanza kabla ya homa: amekula? Nilimpaka Lusia masizi kama nilivyopakwa mimi, na yeye akaacha vidole gumba vyeusi vilevile, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. Mara ya pili hakuacha alama hata moja. Wageni waliendelea kumiminika, hilo huwezi kulizuia, na kila aliyesema nataka kuona nilimpeleka dirishani. Waliibonyeza picha mpaka ikajaa alama za vidole, nikawaacha wabonyeze watakavyo, maana picha haioti usaha. Siku bibi alipomaliza bakuli lote la uji na kulalamika kwamba halina chumvi, niliingia stoo ya mashuka nikajifungia nikalia kwa raha zangu.

Basi mkija kwenye wodi zenu na kidonda kikaharibika, kagueni vyombo, kagueni mikono, gombaneni mnavyotaka. Lakini pia kaeni kwenye kiti mumwulize mgonjwa nani anakuja kumwona na wanataka kuona nini. Mimi nililijua hilo nikiwa nakaribia kuvua sare, na bado linanishangaza.

Nilipostaafu nilikwenda Mbebe kumsalimia. Nilimkuta Bibi Ester barazani na fimbo yake. Akasimama mwenyewe kunipokea, nikampa shikamoo nikimtazama nyonga badala ya uso, tabia ya kazi. Eksirei ipo, imebandikwa kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, pembeni ya kalenda ya kanisa. Kulikuwa na wageni wa msiba wa jirani waliopitia kunywa kahawa, na Yustina alikuwapo, amekuja kutoka Nakonde kwa ajili ya msiba huohuo. Mama mmoja akauliza, kama wanavyouliza wote, ile habari ya mguu ilikuwaje.

Bibi akamwambia Lusia aitoe picha waione. Lusia akaibandua, akaiinua kwenye mwanga kwa mikono miwili. Yule mgeni akanyoosha kidole, bibi akakigonga na fimbo, akasema, "Kwa macho tu." Watu wakacheka. Nikasubiri bibi aeleze, lakini aliyesimama ni Yustina. Akaja akasimama bega kwa bega na wifi yake, akaonesha pale penye mstari mweusi.

"Ulikatika hapa," akasema, kwa ile sauti yake ya sokoni. "Ulikatika wenyewe. Hapakuwa na mtu."

Lusia hakugeuka. Aliendelea kuishika picha kwenye mwanga, ila ilikuwa inatikisika, na Yustina akanyoosha mkono akaishika upande wa pili.